Je, Tuache Kula kwa Kuogopa Kansa?

Hivi karibuni mzee mmoja aliletwa hospitalini kwetu akiwa amekonda sana. Tulimpima, hatukuona ugonjwa. Ndipo mkewe akasema: "Nesi, mwanangu, huyu ameacha nyama, ameacha karanga. Hata pilau ya ubatizo wa mjukuu wake hakuionja. Amesikia kwamba vyakula vinaleta kansa."

Nikamwuliza mzee hunywaje chai. "Ikitoka jikoni tu, ya moto kabisa." Na mahindi yakiota ukungu? "Tunayapikia pombe." Kumbe aliogopa kidogo kinachodhuru kidogo, na kinachodhuru sana hakukiogopa.

Ni kweli baadhi ya vyakula huongeza hatari. Mwaka 2015 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba nyama za viwandani, kama soseji na nyama ya kopo, husababisha kansa ya utumbo mpana. Anayekula gramu 50 kila siku huongeza hatari yake kwa asilimia 18 hivi. Maana yake si kwamba watu 18 katika 100 wataugua. Maana yake ni kwamba hatari ndogo aliyokuwa nayo inaongezeka kwa kiasi kisichofika moja ya tano. Basi soseji ya sikukuu si sawa na soseji ya kila asubuhi. Na nyama choma? Kula kwa kiasi, ichome mbali na ndimi za moto, na ukate palipoungua.

Sasa tuangalie mambo ya kuogopa kweli:

1. Sumukuvu. Hii hutokana na ukungu wa mahindi na karanga zilizohifadhiwa kabla ya kukauka vizuri. Huleta kansa ya ini, na ikizidi huua upesi: mwaka 2016 watu 20 walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kupika hakuiondoi, wala kuyageuza mahindi kuwa pombe. Anika juu ya turubai, chagua punje mbovu uzitupe, wala usiwape kuku.

2. Chai ya kuunguza. Kinywaji chenye joto linalozidi nyuzi 65 huweza kuchangia kansa ya umio, yaani njia ya chakula. Subiri dakika chache.

3. Pombe na tumbaku. Kila kimoja huleta kansa. Vikiwa pamoja hatari huwa kubwa zaidi.

Mkizingatia hayo, kaeni mezani kwa furaha. Mboga, matunda, maharage na dona safi viwe chakula cha kila siku. Vya sherehe vibaki vya sherehe.

Lakini chakula kikikwama kooni, ukiona damu chooni, au ukikonda bila sababu, usikae nyumbani ukilaumu chakula. Njoo hospitali mapema. Kansa ikigunduliwa mapema, nafasi ya kuitibu ni kubwa zaidi.

Mzee wetu alirudi baada ya mwezi mmoja, uzito umeongezeka kilo mbili. Mkewe alituambia kwamba siku hizi chai yake huipoza kwanza.