Mizani Kumi na Sita za Taarab ya Mvita

Taarab ya Mombasa imejengwa kwa ala za wageni. Udi na dumbaki vilitoka Uarabuni, tabla India, kodiani Ulaya. Tashkota, ala ya nyuzi, ndiyo iliyosafiri mbali kuliko zote: ilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912, ikiwa na vibonye kama vya taipureta. Wapigaji wa Mvita, yaani Mombasa, waliitia umeme, na ukisikiliza nyimbo za mwimbaji Zuhura Swaleh utadhani ilizaliwa hapa hapa mtaani Bondeni.

Basi cha Waswahili ni kipi? Ni shairi. Kwa kawaida mshororo una mizani (silabi) 16, nane za ukwapi, kipande cha kwanza, na nane za utao, kipande cha pili, na kila kipande kina kina chake. Mtia tuni hana uhuru wa kulivunja umbo hilo. Sauti hupanda na ukwapi, hupumua katikati, kisha hushuka na utao. Ubeti ukiisha, ala hupewa nafasi ya kujibu, na wasikilizaji hupata muda wa kulifumbua fumbo.

Tazama waimbaji wawili, Zein l'Abdin na Juma Bhalo. Zein, mzaliwa wa Lamu, alipiga udi kwa mtindo wenye asili ya Kiarabu, akichota tungo za kale za kwao na mashairi ya Ahmed Sheikh Nabhany. Bhalo, mzaliwa wa Malindi, alipenda tuni za filamu za Kihindi, akiimba mashairi ya binamu yake Ahmad Nassir, mtunzi wa *Malenga wa Mvita* (1971). Kwa masikio, wawili hawa wako mbalimbali kabisa. Ondoa ala, hesabu mizani: ni ndugu.

Waayalandi nao wanajua kwamba ala inaweza kuwa ya mgeni na umbo likabaki la wenyeji. Mwanamuziki Johnny Moynihan aliwaingizia buzuki ya Kigiriki miaka ya 1960, na leo ni ala yao. Umbo la tuni zao za dansi, sehemu mbili zinazorudiwa, halikutikisika. Lakini wao walikuwa na Francis O'Neill, mkuu wa polisi wa Chicago, aliyechapisha tuni 1,850 mwaka 1903.

Mombasa mashairi yalichapishwa. Tuni zikaachiwa kanda, zilizouzwa katika maduka ya Mji wa Kale kama Mbwana Radio Service. Kanda haiwezi kushindana na joto na unyevu wa pwani. Zihamishwe kwenye kompyuta sasa, kila wimbo uandikiwe mtunzi, mwimbaji na wapigaji wake, maadamu wazee wanaowatambua kwa sauti wangali nasi.