Kompyuta Iliyopoteza Sauti

Kompyuta mpakato inapopoteza sauti, wengi wetu huihesabu kuwa hasara ndogo. Barua huandikwa bila sauti, hesabu hupigwa bila sauti, na muziki unaweza kungoja. Lakini yuko mtumiaji ambaye kwake sauti ndiyo kompyuta yenyewe. Huyo ni mwanafunzi asiyeona, ambaye hutegemea programu ya kusoma kioo imtamkie kila neno lililoandikwa na kila kitufe anachobonyeza. Mojawapo ya programu hizo ni NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni. Hutolewa bila malipo, na ndiyo sababu imeenea. Sauti ikizimika, hali ya mwanafunzi huyo ni sawa na ya mwenzake anayeona ambaye kioo chake kimekuwa cheusi.

Nilikumbushwa jambo hili nilipoalikwa kuzungumza na klabu ya sayansi ya shule moja ya sekondari. Baada ya mazungumzo, mwalimu wa fizikia aliniletea kompyuta ya mwanafunzi wake wa kidato cha tatu. Ilikuwa imenyamaza kwa wiki ya tatu, na mitihani ya muhula ilikuwa imebakiza siku 9. Fundi mmoja wa mjini alikwisha kuikagua. Alisema kwamba kadi ya sauti imeungua, na kwa kuwa kadi hiyo imeshikamana na ubao mkuu wa sakiti, ule ambao mafundi huuita madabodi, hapana budi ubao wote ubadilishwe. Bei aliyoitaja ilikaribia bei ya kompyuta nyingine iliyokwisha kutumika. Mwalimu alikuwa ameanza kuchangisha fedha kwa wenzake.

Mwanafunzi mwenyewe aliieleza hali kwa maneno machache. "Shikamoo Dokta," alisema. "Sauti imepotea, na vitufe vya kuongeza sauti navyo vimekufa."

Sentensi hiyo ina madai mawili, si moja. Ili msomaji aone kwa nini tofauti hiyo ni muhimu, turudi kidogo kwenye redio.

Katika redio za zamani, zile zilizokaa juu ya kabati sebuleni, kirungu cha sauti kilikuwa kifaa cha umeme hasa. Ndani yake mlikuwamo kikinza cha kugeuzwa, yaani potenshiomita. Ni utepe wa kaboni wenye umbo la kwato, na juu yake hupita kidole cha chuma. Umeme wenye kubeba sauti ulipita humo humo. Ulipozungusha kirungu ulibadili ukinzani, na sauti ikapanda au ikashuka. Vumbi likiingia, sauti ilikwaruza kila ulipogusa kirungu. Wasomaji wa rika langu watakumbuka. Kwa hiyo kirungu kilipokufa, sauti nayo ilikufa, kwa maana kirungu kilikuwa njiani.

Katika kompyuta sivyo. Sauti iliyohifadhiwa humo ni namba. Sikio la binadamu husikia mitetemo ya takriban hezi 20 hadi 20,000, na nadharia hutufundisha kwamba ili kuhifadhi mtetemo wowote ni lazima upimwe zaidi ya mara mbili katika kila mzunguko wake. Ndiyo maana santuri za CD, zilizotoka mwaka 1982, zilipima sauti mara 44,100 kwa sekunde. Kompyuta nyingi za leo hupima mara 48,000. Ikiwa kila kipimo ni cha biti 16, na njia za sauti ni mbili, ya kulia na ya kushoto, basi zidisha: biti 1,536,000 hupita kila sekunde. Namba hizo hutoka katika programu, zikakusanywa na Windows pamoja na za programu nyingine, zikakabidhiwa programu ndogo iitwayo draiva, ambayo kazi yake ni kusema na kifaa kwa lugha ya kifaa. Draiva huzipeleka kwenye kipande cha sakiti kiitwacho kodeki, ambacho huzigeuza kuwa umeme unaopanda na kushuka. Hapo ndipo amplifaya hukuza umeme huo, na mwishowe spika hutikisa hewa.

Kitufe cha sauti hakimo katika safari hiyo. Ukikibonyeza, hakigusi umeme wa sauti hata kidogo. Hupeleka ombi tu. Windows hupokea ombi, ikachora ufito wa sauti kwenye kioo, kisha ikaamuru namba zipunguzwe au zikuzwe. Kipimo cha 12,000 kikizidishwa kwa 0.5 huwa 6,000, na sauti imeshuka kwa desibeli 6. Ni hesabu ya darasa la nne, ila inafanywa mara elfu nyingi kwa sekunde. Matokeo yake ni kwamba vitufe vyaweza kuwa hai na sauti imekufa, na sauti yaweza kuwa hai na vitufe vimekufa. Hitilafu hizi mbili zina makazi mbalimbali.

Nilimwomba mwanafunzi abonyeze kitufe cha kuongeza sauti. Ufito ulionekana juu ya kioo ukipanda: 40, 42, 44. Vitufe havikuwa na kasoro yoyote. Lakini yeye angejuaje? Alama pekee ya uhai wa kitufe inayomfikia ni sauti yenyewe. Kwake mambo mawili yalikufa pamoja kwa sababu hupokea habari zake zote kwa mlango mmoja. Kosa halikuwa lake. Kosa ni la wale waliokuwa na macho, ambao walilipokea dai lake bila kutazama kioo.

Tazamo hilo moja lilitufaa sana. Ufito ulikuwa ukitii, na alama ndogo ya spika pembeni mwa kioo haikuwa na msalaba mwekundu. Kwa hiyo Windows iliamini kwamba ina kifaa cha kutolea sauti. Tulibonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, tukaandika mmsys.cpl, na likafunguka dirisha la vifaa vya sauti. Tulipocheza wimbo, mistari ya kijani pembeni mwa jina la kifaa ilicheza nao. Namba zilikuwa zinasafiri. Sehemu ya kwanza ya njia ilikuwa nzima, nasi tulikuwa hatujafungua hata skurubu moja.

Sasa ilibaki kujua kama umeme unatoka kwenye kodeki. Jaribio la kawaida ni kuchomeka hedifoni. Mwalimu akasema kwamba jaribio hilo lilikwisha kufanywa, tena na fundi mwenyewe, kwa hedifoni ya mwanafunzi; kimya. Na kwa kweli hoja ya fundi haikuwa ya kipuuzi. Spika hazilii, hedifoni hailii. Spika na hedifoni hazina kitu cha pamoja isipokuwa kodeki na jirani zake. Basi kodeki imeungua. Mwanafunzi wa mantiki angempa alama nzuri.

Nikaichukua hedifoni hiyo nikaichomeka kwenye simu yangu. Kimya. Nikaukunja waya karibu na pini, sauti ikaja upande mmoja, ikapotea tena. Waya ulikuwa umekatika ndani ya mpira wake, mahali ambapo hukunjwa kila siku. Tukaazima hedifoni nyingine, tukaijaribu kwanza kwenye simu, ikalia. Tukaichomeka kwenye kompyuta, na NVDA ikaanza kutamka kana kwamba haikuwahi kunyamaza. Kodeki ilikuwa nzima. Wanafunzi waliozunguka meza walipiga makofi, ingawa kazi ilikuwa haijaisha.

Hapa nawaomba walimu wanivumilie kidogo. Katika maabara tunawafundisha vijana kwamba kila jaribio liwe na kidhibiti, nao hulikariri neno hilo kwa ajili ya mtihani. Hedifoni iliyotumiwa kupima ilikuwa chombo cha kupimia, na chombo chenyewe hakikupimwa. Gharama ya kukipima ilikuwa nusu dakika. Gharama ya kutokipima ilikuwa nusura iwe bei ya ubao mzima.

Ilibaki swali la spika. Tulipoitoa hedifoni, spika za kompyuta zilikuwa bado kimya. Tukarudi kwenye lile dirisha la vifaa. Tundu la hedifoni lilikuwa tupu, lakini kompyuta ilikuwa bado imeandika kwamba hedifoni imechomekwa.

Ndani ya tundu lenye kipenyo cha milimita 3.5 mna bamba jembamba la chuma lenye kunepa kama kamani. Pini ikiingia hulisukuma, na mguso mmoja hufunguka au hufungika. Katika redio ya zamani mguso huo ulikata waya wa spika moja kwa moja. Katika kompyuta, kwa mara nyingine, hutoa taarifa tu: kodeki huona badiliko la volti, humwarifu draiva, na draiva huamua kuzinyamazisha spika. Bamba likichoka na kubaki limelala, au uchafu ukiingia katikati ya mguso, taarifa ya uongo hutumwa, na kompyuta huitii kwa uaminifu. Mwanafunzi huyu huchomeka na kuchomoa hedifoni mara nyingi kwa siku ili asiwasumbue wenzake darasani, naye huketi mstari wa mbele, karibu na ubao wa chaki. Tulizima kompyuta, tukasafisha tundu kwa brashi ndogo kavu yenye nywele laini. Haikusaidia. Tukaingiza na kutoa pini kama mara 20, tukawasha, spika zikalia. Siku mbili baadaye mwalimu alinipigia simu kuniambia zimenyamaza tena. Bamba lilikuwa limechoka.

Kabla ya kusema tulivyomaliza, nigusie kwa ufupi njia nyingine ambazo hatukulazimika kuzipita, kwani msomaji anaweza kukutana nazo kesho.

Ikiwa ufito hauonekani unapobonyeza kitufe, lakini ukiuburuta kwa kipanya sauti inabadilika, ugonjwa umo kwenye vitufe. Mara nyingi ni kufuli ya kitufe cha Fn, ambayo katika kompyuta nyingi hufunguliwa kwa kubonyeza Fn pamoja na Esc. Ikiwa alama ya spika ina msalaba mwekundu, tazama kwenye draiva na huduma za sauti za Windows. Kitufe cha Windows pamoja na X, kisha M, hufungua orodha ya vifaa vyote vilivyomo. Kifaa cha sauti chenye alama ya onyo huweza kuondolewa kwenye orodha, kisha kompyuta ikiwashwa upya Windows hukitafuta tena na kukirudishia draiva. Amri services.msc huonyesha huduma, na ile iitwayo Audiosrv ni lazima iwe inafanya kazi. Ikiwa kompyuta iliunganishwa na projekta kwa waya wa HDMI, huenda sauti yote inapelekwa kwenye projekta isiyo na spika. Chagua spika za kompyuta katika mmsys.cpl. Na pale unaposhuku kwamba Windows ndiyo mgonjwa, washa kompyuta kwa Linux iliyowekwa kwenye flashi bila kuisakinisha. Sauti ikitoka, vifaa ni vizima. Isipotoka, hujathibitisha kinyume chake, kwa kuwa huenda Linux hiyo haina draiva ya kodeki yako. Watu wengi husahau upande huu wa pili.

Kwa asiyeona mpangilio hubadilika. Jaribio lake la kwanza liwe Ctrl na kitufe cha Windows pamoja na Enter, ambalo huamsha msomaji wa kioo aliyemo ndani ya Windows. Huyo akisema, sauti ipo, na kilichonyamaza ni NVDA peke yake. Basi abonyeze Insert pamoja na S, kwa kuwa NVDA ina hali ya kunyamaza kabisa, na kidole kikiteleza huingia humo bila mtu kujua. Mwanafunzi wetu alikuwa amekwisha kuyafanya yote mawili siku ya kwanza, kabla mtu yeyote hajaigusa kompyuta yake. Hakuna aliyemuuliza.

Tulimaliza hivi. Kuna kifaa kidogo, kisichozidi urefu wa kidole, kinachochomekwa kwenye tundu la USB nacho kina kodeki yake mwenyewe na tundu lake la hedifoni. Namba za sauti huacha njia ya zamani kabisa, zikapita kwake. Bei yake ni ndogo mno ukiilinganisha na ile ya ubao. Mwalimu alikinunua mjini, akakichomeka, Windows ikakitambua bila kuombwa, na tundu lililochoka likaachwa lilivyo. Fedha zilizochangwa zilinunua pia hedifoni mbili. Moja mwanafunzi anaitumia. Ya pili amefungia kwenye mfuko wa nailoni, na haruhusu mtu aisikilizie muziki. Ni ya kupimia.