ANAYETAKA KWENDA NG'AMBO AANZE KWA DAKTARI

Dodoma ya leo si Dodoma ya jana. Pale Chimwaga, ulipo ukumbi ambamo Chama cha Mapinduzi kilifanya mikutano yake mikuu ya mwaka 1995 na mwaka 2005, tangu mwaka 2007 pana Chuo Kikuu ambacho kila mwaka hutoa vijana wenye shahada. Baadhi yao hupata nafasi za masomo ya juu Uingereza na kwingineko. Wenzao ambao hawakupata kuuona mlango wa chuo huitwa kwenda kufanya kazi za nyumbani, za udereva na za ulinzi katika nchi za Ghuba. Wote hao, msomi na mfanyakazi, hukutana katika jambo moja: wasipopita mbele ya daktari hawapati ruhusa ya kwenda kukaa huko.

Twataka kusema leo juu ya daktari huyo, kwa sababu wapo wanaokwama kwake wakati hawana ugonjwa wowote. Wanakwama kwa kuchelewa, kwa kutojua, au kwa kuwasikiliza matapeli. Tangu Uhuru wananchi wameambiwa kwamba maadui wao ni watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Katika chumba cha daktari wa viza maadui hao huweza kukutana wote watatu kwa siku moja, nao humwangusha kijana ambaye ukoo mzima umeuza ng'ombe ili asafiri.

ASILI YA DESTURI HII

Jambo hili si jipya, wala halikutungwa kwa ajili ya Mwafrika. Mwaka 1891 Marekani ilipitisha sheria ya kumkatalia mgeni mwenye ugonjwa mbaya wa kuambukiza, na mwaka uliofuata ikafungua kituo cha Ellis Island katika bandari ya New York. Humo walipita Wazungu maskini kwa mamilioni, Wataliani, Wapolandi, Wayahudi wa Urusi. Madaktari waliwatazama wakipanda ngazi, na yule waliyemshuku walimwandika alama ya chaki juu ya nguo yake.

Ugonjwa mmoja uliotisha sana pale ulikuwa trakoma, ambao kwetu huitwa vikope. Uliingizwa katika orodha ya magonjwa ya kukatalia watu mwaka 1897. Daktari aliupindua ukope kwa kidole au kwa kulabu ya kufungia vifungo vya viatu, na mwenye ugonjwa alirudishwa alikotoka, gharama zikiwa juu ya kampuni ya meli. Msomaji wa Kongwa ataelewa habari hii upesi. Vikope ni ugonjwa anaoujua, uletwao na nzi, vumbi na upungufu wa maji ya kuwanawisha watoto uso, na wilaya yake ni mahali ambapo wataalamu wa dunia wamekuja kwa miaka mingi kujifunza namna ya kuushinda. Kumbe kilichowarudisha Wazungu maskini kutoka New York ni kile kile kilichowapofusha bibi zetu wa Ugogo. Maradhi hayachagui kabila, huchagua nyumba isiyokuwa na maji.

Baada ya sheria ya Marekani ya mwaka 1924 kazi ya kumpima msafiri ilianza kuhamishiwa kwao watu, kabla hawajapanda meli. Uingereza nayo mwaka 2005 ilianza kwa majaribio kuwapima kifua kikuu wasafiri wangali makwao, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza katika majaribio hayo.

VIPIMO HAVIFANANI

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba kipimo cha nchi moja ni kipimo cha nchi zote. Uingereza, kwa Mtanzania anayekwenda kukaa zaidi ya miezi sita, yataka cheti cha kifua kikuu. Msafiri huulizwa habari za afya yake, na mwenye umri wa miaka 11 au zaidi hupigwa picha ya eksirei ya kifua. Picha ikiwa safi, hupewa cheti. Ikiwa na shaka, hutakiwa kutoa makohozi. Cheti hicho huambatishwa na maombi ya viza. Si kitu cha kutafutwa baadaye.

Nchi za Ghuba hupima mengi zaidi. Pamoja na picha ya kifua, damu hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini ya B na ya C, na kaswende, na mwanamke hupimwa mimba. Tena mfanyakazi hupimwa mara mbili: hapa kabla ya kuondoka, na kule baada ya kufika, kabla hajapewa kibali cha kukaa. Anayeshindwa kipimo cha pili hurudishwa. Kwa hiyo anayenunua cheti cha uongo hapa nchini hununua tiketi ya kurudi.

Marekani huangalia chanjo kwa mwenye viza ya uhamiaji, kwa sheria ya mwaka 1996, na huuliza pia habari za akili, ulevi na dawa za kulevya. Kijana adhaniaye kwamba bangi ni mchezo wa jioni tu, ajue kwamba inaweza kumfungia mlango huo. Lakini virusi vya UKIMWI viliondolewa katika orodha ya Marekani tarehe 4 Januari 2010. Wako watu waliokata tamaa kwa habari za zamani walizosikia barazani.

Fauka ya hayo, sheria hizi hubadilishwa kwa tangazo la siku moja. Ni busara kuuliza ubalozi kwanza kama mlango wenyewe u wazi kwa Watanzania, ndipo msafiri atoe fedha zake kwa daktari.

HESABU YA SIKU

Hapa ndipo penye shida kubwa, nasi twaomba msomaji atulie. Makohozi yakitakiwa, hupandwa maabara ili kuona kama vijidudu vitaota, na majibu yake huweza kuchukua majuma manane. Hapana wa kuyaharakisha, kwa maana kijidudu cha kifua kikuu huota polepole, wala hakijali barua ya chuo.

Chukua mwanafunzi wa Chimwaga ambaye masomo yake Uingereza yaanza tarehe 20 Septemba. Uamuzi wa viza kwa kawaida huchukua majuma matatu. Ongeza majuma manane ya makohozi, yawa kumi na moja. Ongeza mawili ya safari na ya kukusanya karatasi, yawa kumi na matatu. Huyo hana budi kuwa amefika kwa daktari kabla ya tarehe 21 Juni. Anayekwenda mwezi Agosti, picha yake ikionyesha hata kovu la zamani, nafasi yake imepotea, ingawa mwisho wa yote ataambiwa kwamba hana ugonjwa.

Lakini asiende mapema mno pia. Cheti cha Uingereza hutumika kwa miezi sita tu. Aliyepimwa Januari kwa safari ya Septemba atalipa mara ya pili.

Ajue pia mahali pa kwenda. Kwa safari ya Uingereza mpimaji aliyeidhinishwa nchini ni kliniki ya Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, mjini Dar es Salaam. Cheti kutoka Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyo jirani kabisa na Chuo, hakitakubaliwa. Na si kwa sababu daktari wa Dodoma hajui kazi yake, bali kwa sababu jina la hospitali halimo katika orodha. Treni ya umeme iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 imeipunguza safari ya Dar es Salaam kuwa ya saa chache. Hata hivyo nauli ni nauli, na malazi ni malazi.

MAMBO YA KUCHUKUA NA YA KUACHA

Msafiri achukue pasipoti yake iliyo hai, barua ya miadi, miwani kama anavaa, na majina ya dawa anazotumia. Achukue picha za kifua alizopata kupigwa zamani, kwa maana kovu lililoonekana miaka mitano iliyopita bila kubadilika ni ushahidi wa kumtetea. Aliyewahi kutibiwa kifua kikuu achukue kadi ya matibabu ikionyesha siku alipoanza na siku alipomaliza. Kadi hiyo wengi huitupa mara wanapopona. Yafaa itunzwe kama hati ya shamba.

Kwa nchi zinazotaka chanjo, atafute kadi ya kliniki ya utotoni. Mama zetu huzihifadhi sandukuni kuliko tunavyodhani. Hata hivyo asishangae kuchomwa sindano zaidi. Mathalani, chanjo ya rubela iliingizwa katika chanjo za watoto wetu mwaka 2014, basi aliyekua kabla ya hapo huenda hakuipata kabisa.

Siku ya picha avae nguo nyepesi iliyo rahisi kuvua. Mikufu, shanga na hirizi ziachwe nyumbani, na nywele za kusukwa zifungwe juu ya kichwa, kwa maana kila kinacholala juu ya kifua huweza kuonekana katika picha kama doa. Mwanamke mjamzito aseme mara moja. Katika kipimo cha Uingereza anaweza kuchagua kupimwa makohozi badala ya picha bila kuongezewa gharama, au kungoja hadi ajifungue. Na miezi mitatu ya kwanza ikiisha aweza kupigwa picha akiwa amekingwa tumbo.

Mwisho, aache uongo. Wapo vishoka wanaowaambia vijana kwamba waweza kumpeleka mtu mwenye kifua kizuri apigwe picha kwa jina la mwingine. Uso wa msafiri hulinganishwa na pasipoti, na atakayegunduliwa amedanganya katika maombi ya Uingereza huweza kufungiwa miaka kumi.

KIFUA KIKUU SI AIBU

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo kitamuumbua. Katika jambo hili methali hiyo ni kweli mara mbili, kwa sababu mficha kifua kikuu huwaumbua pia watoto wanaolala naye chumba kimoja. Mtu aliyekohoa majuma mawili au zaidi, anayetoka jasho usiku, anayepungua mwili, asingoje daktari wa viza. Aende zahanati iliyo karibu, pale Mvumi, Kongwa au mjini. Kipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya Serikali, na matibabu ya kawaida huchukua miezi sita. Aliyechimba madini katika vumbi la mawe atangulie mbele ya wote, kwani vumbi hilo hudhoofisha mapafu na kumfungulia kijidudu mlango.

Wala tusione haya mbele ya wageni katika habari hii. Shirika la Afya Duniani hutuhesabu miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, lakini hapa ndipo pia dunia ilipojifunza namna ya kupigana nacho. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na humo Daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia, alifanya kazi pamoja na wauguzi na waganga wetu wa wilaya. Walionyesha kwamba nchi maskini yaweza kumponya mgonjwa kwa dawa za muda mfupi, ikiwa dawa hazikatiki na kila mgonjwa anaandikwa na kufuatwa mpaka amalize. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliichukua njia hiyo na kuipeleka ulimwengu mzima. Kijana wa Dodoma aulizwapo habari za kifua chake, na ajibu akiwa amenyoosha kichwa.

WAJIBU WA WENGINE

Tumemwambia msafiri la kwake. Sasa twawaambia na wengine. Mawakala wanaowapeleka wafanyakazi Ghuba wawaeleze kabla ya kuchukua hata senti moja ni vipimo gani watapimwa, nani atalipa, na fedha zitakuwaje wakishindwa. Ni dhambi kumwacha binti wa Bahi auze mbuzi za mama yake kisha aambiwe kwa neno moja la Kiingereza kwamba hafai, asijue ameonekana na nini wala aende wapi kutibiwa. Aliyepimwa ana haki ya kuambiwa majibu yake kwa lugha anayoielewa, na kwa siri. Habari za virusi vya UKIMWI zina ulinzi wa Sheria ya mwaka 2008. Si habari za kutangaziwa jirani wala wakala.

Chuo nacho kiwakumbushe wanafunzi mwezi Aprili, kisingoje Agosti. Na Serikali, ambayo ilitangaza Dodoma kuwa makao makuu mwaka 1973 na kulithibitisha jambo hilo kwa sheria mwaka 2018, yafaa izungumze na nchi zinazotupima ili daktari aliyeidhinishwa apatikane hapa hapa. Hospitali tunayo, mashine za eksirei tunazo, na madaktari twawafundisha wenyewe pale Chimwaga. Kinachokosekana ni makubaliano.

Hata hayo yasipokuja upesi, afya ya msafiri ni mali yake mwenyewe kabla haijawa sharti la nchi ya mtu. Anayejua hali ya kifua chake mapema, hata akinyimwa viza, amepata faida. Na anayeondoka akiwa mzima atawafaa aliowaacha nyumbani, kwa maana wao ndio wanaongoja jasho lake.