Mtetemo wa Ralanti na Vumbi la Kolwezi

Mwenye gari ambaye injini yake hutetema akingoja malori ya shaba na kobalti yapite kuelekea Likasi, ikipanda na kushuka bila yeye kugusa kanyagio, kisha ikatulia mara aongezapo mwendo, ameshapewa na injini yenyewe nusu ya jawabu. Lakini aghalabu nusu hiyo hupuuzwa, na fundi hukaza parafujo ya ralanti, yaani ya mzunguko wa injini isipokanyagwa, ili mtetemo usisikike, jambo ambalo ni kuyaficha maradhi wala si kuyatibu.

Katika ralanti, ambayo kwa magari mengi ya petroli ni mizunguko baina ya 650 na 850 kwa dakika, kilango cha hewa huwa karibu kimefungwa, na injini huishi kwa hewa haba mno. Basi ufa mwembamba katika mpira wa hewa wa breki, au gasketi iliyokauka, huingiza hewa isiyopimwa inayotosha kuvuruga uwiano wa hewa na petroli, ambao kwa uzani ni kiasi cha 14.7 kwa 1. Ukikanyaga, hewa halali huwa nyingi hata ile ya wizi haina athari. Kwa hiyo mtetemo uondokao kwa mwendo hushtaki kwanza mipira, ilhali ule uzidio gari likipanda mlima na mzigo hushtaki buji, koili au petroli.

Hapa kwetu, ambapo tangu Mei hadi Septemba mvua ni adimu na njia za migodini hufuka vumbi jekundu, uchunguzi uanzie kwenye filta ya hewa. Filta iliyoziba ni balaa ndogo. Iliyopasuka, au iliyokaa upande, ni balaa kubwa, kwani vumbi hupita likafunika uzi mwembamba wa sensa ipimayo hewa, likachanganyika na mvuke wa oili kuwa tope jeusi ukingoni mwa kilango, na hatimaye likakwaruza kuta za silinda, hasara ambayo buji mpya haziiondoi. Desturi ya kupuliza filta ya karatasi kwa kompresa siiafiki hata kidogo, kwa kuwa upepo mkali huitoboa.

Fauka ya hayo, Kolwezi iko mita zipatazo 1,400 juu ya bahari, na kanieneo ya hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko Dar es Salaam, bandari yanakoshushwa magari mengi kutoka Japani. Gari lenye kompyuta hujirekebisha. La karabureta huzidisha petroli, buji zikawa nyeusi. Na geji ya mvuto wa hewa ambayo pwani ingesoma inchi 18 za zebaki, hapa kwa injini ileile nzima itasoma 13 au 14, na fundi asiyelijua hilo ataihukumu mbovu bila haki.

Filta ikishakaguliwa, injini ikinguruma katika ralanti, bana mipira ya hewa mmoja mmoja kwa koleo lililoviringishwa kitambaa: utakaotuliza injini, fuata njia yake uutafute ufa. Hali isipobadilika, safisha kilango, na sensa kwa dawa yake maalumu bila kuigusa kwa kidole. Ndipo uchomoe soketi za sindano za petroli kwa zamu. Silinda ambayo ikinyimwa petroli mtetemo haubadiliki ndiyo yenye ila. Hamishia koili yake kwa jirani: ila ikihama nayo, nunua koili, ikibaki, tazama buji, kisha sindano, na mwisho mgandamizo wa silinda.

Kilango cha umeme kilichosafishwa huenda kikapandisha ralanti kwa muda, maana kompyuta ilikwisha kuuzoea uchafu. Fuata utaratibu wa mtengenezaji wa kuifundisha upya, na parafujo usiiguse.