Nani Alipie Sanaa ya Askari Aliyetoka Vitani?

Likitajwa suala la askari waliotoka vitani, mazungumzo huishia kwenye pensheni, matibabu na nyumba. Likitajwa suala la sanaa, mazungumzo huishia kwenye ngoma za kupokea wageni. Ni mara chache masuala haya mawili kuwekwa pamoja. Katika makala hii tunayaweka pamoja, na tunauliza swali moja: askari, aliye kazini au aliyestaafu, pamoja na jamaa zake, akihitaji kuchora, kuimba au kuandika ili apate kupona na kuishi tena na watu, ni nani alipie?

Mfano wetu ni Marekani. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, nchi hiyo ilipeleka zaidi ya watu milioni 2 katika vita vya Afghanistan na Iraq baada ya mwaka 2001, na wengi walirudi na majeraha yasiyoonekana kwa macho. Pili, imejaribu njia zaidi ya moja za kulipia sanaa ya askari, kwa hiyo tunaweza kuzilinganisha njia hizo na kujifunza. Msimamo wetu tunauweka wazi tangu mwanzo: jambo la kuamua si ukubwa wa fedha peke yake, bali ni njia inayopitia. Fedha iliyo haki ya askari humfuata askari popote aendapo. Fedha iliyo fadhila humwacha siku mfadhili anapochoka.

SANAA INAFANYA KAZI GANI?

Hapana budi kwanza tuelewe kazi yenyewe. Tangu mwaka 2000 jeshi la Marekani limeandikisha zaidi ya askari 400,000 waliopata jeraha la ubongo. Mengi ya majeraha hayo ni mepesi, na mengi yalipatikana katika mazoezi na ajali, si vitani tu. Lakini mlipuko wa bomu unaweza kuutikisa ubongo bila kuacha kovu usoni. Juu ya hilo huja kiwewe: askari halali, hukasirika upesi, hukaa macho mlangoni kana kwamba adui bado yupo. Akiulizwa ana nini, hana maneno. Mke wake humwona mzima, na kwa hiyo hamwelewi.

Mwaka 2010 kilifunguliwa huko Bethesda, Maryland, kituo cha jeshi cha kutibu majeraha ya namna hii. Mmoja wa wataalamu wa tiba kwa sanaa aliyefanya kazi hapo aliwapa askari vinyago vitupu vya kuvaa usoni, akawaambia wavipake rangi na kuvitengeneza wapendavyo. Matokeo yake ni maelfu ya vinyago. Baadhi vimepasuka katikati, nusu askari, nusu baba wa nyumbani. Vingine vimefungwa mdomo kwa waya au kufuli. Vingine vina sura ya mwenzao aliyeuawa. Mwaka 2017 ulitolewa utafiti uliochunguza vinyago vya askari 370, na ndani yake yalionekana mambo yanayojirudia: jeraha la mwili, jeraha la moyo, nafsi iliyogawanyika, msiba wa wenzao, na pia fahari ya kikosi.

Tuelewe vizuri. Mtaalamu hampi askari kinyago ili awe msanii. Anampa kwa sababu jambo lililokataa kutoka mdomoni linaweza kutoka mikononi, na likishatoka linaweza kuzungumzwa. Askari akirudi nyumbani na kinyago, ana kitu cha kumwonyesha mkewe na kusema: "Hivi ndivyo ninavyojisikia." Muziki nao una kazi yake. Mtu ambaye jeraha la ubongo limemharibia usemi mara nyingine huweza kuimba neno asiloweza kulitamka, na kwa kufuata mdundo akarudishiwa polepole uwezo wa kusema.

Wala tusikuze mambo. Sanaa haichukui nafasi ya daktari, dawa, wala pensheni. Tafiti nyingi katika uwanja huu ni za watu wachache. Linaloweza kusemwa kwa haki ni kwamba sanaa, ikiongozwa na mtaalamu na kuwekwa pamoja na matibabu mengine, hufungua mlango ambao njia nyingine zimeshindwa kuufungua kwa baadhi ya askari. Hilo latosha kuifanya iwe sehemu ya matibabu na si mapambo.

NJIA TATU ZA FEDHA

Sasa tuje kwenye fedha. Tunaona njia tatu.

Njia ya kwanza ni haki ya kisheria. Tarehe 22 Juni 1944 Rais Franklin D. Roosevelt alitia sahihi sheria ya kuwarudisha askari katika maisha ya uraia. Sheria hiyo ilimlipia askari karo ya hadi dola 500 kwa mwaka, pamoja na posho ya kujikimu, na askari mwenyewe ndiye aliyechagua masomo. Wapo waliochagua uhandisi, wapo waliochagua kilimo, na wapo waliochagua sanaa. Mchoraji Ellsworth Kelly, aliyepigana Ulaya, alisoma Boston kisha Paris kwa fedha hiyo. Romare Bearden, Mmarekani Mweusi aliyetumikia jeshini wakati wa vita, alikwenda kusoma Paris mwaka 1950 kwa fedha hiyo hiyo. Hakuna kamati iliyowauliza kama uchoraji una faida. Haki ilikuwa yao kwa kuwa walitumikia.

Lakini hata haki ina adui yake, naye ni yule aliyekabidhiwa kuitekeleza. Sehemu za sheria hiyo ziliachwa mikononi mwa mabenki, vyuo na wakubwa wa majimbo, na majimbo ya Kusini yalikuwa chini ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 1947 huko Mississippi, kati ya mikopo zaidi ya 3,000 iliyodhaminiwa kwa sheria hiyo, ni miwili tu iliyowafikia askari Weusi. Vyuo vingi viliwafungia milango. Basi haki iliyoandikwa Washington iliweza kufia kwenye dirisha la benki.

Njia ya pili ni ufadhili wa kampuni. Mwaka 2004 Mfuko wa Taifa wa Sanaa wa Marekani ulianzisha mpango wa kuwafundisha askari na jamaa zao kuandika habari za vita walivyovijua wao wenyewe. Waandishi mashuhuri walikwenda kufundisha katika kambi za jeshi, na mwaka 2006 ukatolewa mkusanyiko wa maandishi yao. Kazi ilikuwa njema. Lakini mfadhili mkuu alikuwa nani? Alikuwa Boeing, kampuni inayoiuzia serikali ndege za kivita. Hatusemi kwamba kampuni iliwaelekeza askari waandike nini. Hatuna ushahidi wa hilo. Tunasema kwamba hesabu yenyewe inatatanisha. Vita vililipiwa na umma, faida ya silaha ikaenda kwa kampuni, kisha sehemu ndogo ya faida hiyo ikarudi kwa askari ikiwa na jina la zawadi.

Njia ya tatu ni ruzuku. Mwaka 2011 Mfuko huo wa Taifa wa Sanaa ulishirikiana na Wizara ya Ulinzi kuweka tiba kwa sanaa katika hospitali ya jeshi ya Walter Reed, na mwaka 2013 huko Fort Belvoir, Virginia. Mwaka 2016 Bunge liliongeza karibu dola milioni 2, na mpango huo, uitwao Creative Forces, ukaenea hadi vituo vingine, kama Camp Lejeune huko North Carolina na kambi ya Elmendorf-Richardson huko Alaska. Baadaye ilianzishwa ruzuku kwa vikundi vya mijini na vijijini vinavyofanya sanaa pamoja na askari na jamaa zao: kati ya dola 10,000 na 50,000 kwa kikundi, kwa sharti kwamba kikundi nacho kitafute fedha nyingine za kulingana na ruzuku.

MGONGANO ULIOMO NDANI YA RUZUKU

Ruzuku ni bora kuliko kukosa. Hata hivyo ndani yake mna migongano mitatu.

Kwanza, ruzuku hupewa kikundi, si askari. Askari aliye karibu na kikundi chenye mtu hodari wa kuandika maombi atapata. Aliye katika mji mdogo usio na kikundi cha namna hiyo hatapata, ingawa alipigana vita vile vile.

Pili, sharti la kulinganisha fedha huonekana la haki, kumbe huwapa zaidi wenye nacho. Jiji lenye matajiri na mabenki litapata dola ya pili upesi. Wilaya maskini haitaipata, ingawa nayo huwatoa vijana kwenda jeshini.

Tatu, ruzuku ni ya muda na hutegemea upepo wa siasa. Mwaka 2017 Rais Donald Trump alipendekeza Mfuko huo wa Sanaa uvunjwe. Bunge likakataa. Mwezi Mei 2025 alipendekeza tena, na mara moja vikundi vingi vya sanaa vikapata barua za kufutiwa ruzuku. Barua hizo zilitaja mambo yatakayopewa kipaumbele, na miongoni mwake lilikuwamo la kuwasaidia wanajeshi na askari wastaafu. Mtu anaweza kusema: basi, askari wamesalimika. Sisi tunasema tutazame vizuri zaidi. Askari mstaafu hafanyi sanaa hewani. Anaifanya katika ukumbi wa mtaa, kwa mwalimu wa mtaa, katika kikundi kinachowahudumia pia watoto na wazee. Ukumbi ukifungwa kwa kukosa fedha, jina la askari likibaki kwenye orodha ya vipaumbele halimfai kitu.

Na ni fedha kiasi gani inayogombaniwa hivyo? Katika mwaka wa fedha 2024 Mfuko mzima wa Sanaa, kwa kazi zake zote nchini, ulipewa dola milioni 207. Mwaka huo huo bajeti ya ulinzi ilizidi dola bilioni 800. Yaani kwa kila dola moja ya sanaa zilikuwapo zaidi ya dola 3,800 za ulinzi. Asiambiwe mtu kwamba fedha haikuwapo.

JAMAA ZA ASKARI

Jamaa za askari ndio husahauliwa kwanza. Tangu mwaka 2010 majumba mengi ya makumbusho huwaruhusu askari walio kazini na jamaa zao kuingia bure miezi ya kiangazi. Ni jambo jema kwa mama aliyebaki na watoto mumewe akiwa ng'ambo. Lakini gharama inabebwa na makumbusho yenyewe, na askari mstaafu hamo katika mpango huo. Vivyo hivyo tamasha la sanaa la askari wastaafu, linaloandaliwa kila mwaka na idara ya serikali inayowahudumia, huandaliwa pamoja na chama ambacho asili yake ni wake, mama, dada na mabinti wa askari. Mwanamke anayemuuguza askari usiku ndiye huyo huyo anayechangisha fedha mchana. Kazi yake haiandikwi katika bajeti yoyote ya vita.

HOJA MOJA YA KUJIBU

Wapo watakaosema: mpe askari nyumba na chakula kwanza, sanaa baadaye. Hoja hii ina uzito, nasi hatuipuuzi. Lakini inagawa kitu kisichogawanyika. Mtu asiyelala wala kusema na mkewe hudumu kazini kwa shida, na nyumba aliyopewa huvunjika ndani. Tena wanaosema "baadaye" hawasemi ni lini.

MAFUNZO

Kada na mwanafunzi wachukue nini hapa? Tunaona mambo manne.

Kwanza, gharama ya kumponya askari ni sehemu ya gharama ya vita, na iandikwe katika hesabu ile ile iliyoandikwa risasi. Pili, fedha imfuate askari na jamaa zake kama haki, kama ilivyokuwa mwaka 1944. Tatu, haki hiyo isikabidhiwe bila ukaguzi kwa watu wenye ubaguzi, kama ilivyokuwa pia mwaka 1944. Nne, anayelipa asimchagulie askari la kusema. Kinyago chenye mdomo uliofungwa kwa waya hakipendezi kwenye sherehe za taifa, lakini ndicho kinachosema kweli.

Msomaji ambaye baba au mjomba wake alirudi kutoka vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 hahitaji kufundishwa kwamba vita haviishi siku bunduki zinaponyamaza. Alimwona mzee amekaa kimya barazani. Swali tulilouliza kuhusu Marekani na aliulize pia mahali alipo: mzee yule alidaiwa kusahau, au sisi ndio tuliodaiwa kumsikiliza?