Fahamu: Besi ya hedifoni ghali hupotelea wapi?

Ukisikiliza ngoma za sindimba ufukweni Shangani, Mtwara, usihukumu besi kwa bei ya hedifoni. Sikio husikia kuanzia takriban hezi 20, na huko chini kinachoamua mengi ni mto wa hedifoni: mkono wa miwani ukiacha upenyo, besi inavuja. Sennheiser HD 800 S, yenye mgongo wazi, hupungukiwa mtikisiko wa chini kabisa, ingawa kila ngoma husikika mahali pake. Audeze LCD-X, nayo ya wazi, ina utando mpana bapa unaosukumwa na sumaku. Besi yake hushuka zaidi bila kufifia. Kwa upepo wa bahari, hata hivyo, ningevaa iliyofungwa. Unapolinganisha, sawazisha sauti kwanza: iliyo juu kidogo hulihadaa sikio.