Picha za Ukutani katika Ngome ya Yesu

Huko Italia, katika mji wa Padova, liko kanisa dogo ambalo kuta zake zimejaa picha za maisha ya Bikira Maria na ya Bwana Yesu. Fundi Giotto alizimaliza karibu na mwaka 1305, akipaka rangi juu ya chokaa ingali mbichi, hata rangi na ukuta vikawa kitu kimoja.

Mtu wa Mombasa hana haja ya kupanda meli ili aone picha za Wakristo wa kale. Na aingie Ngome ya Yesu. Ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa amri ya Mfalme Filipe, aliyetawala Hispania na Ureno pamoja, na aliyetoa ramani yake alikuwa Mtaliana, Giovanni Battista Cairati wa Milano. Lakini picha zake si kazi ya fundi. Zilichorwa na askari Wareno wa zamu katika buruji la São Mateus, kwa makaa na udongo mwekundu, na kipande hicho cha ukuta kimehifadhiwa ngomeni.

Atazamaye kwa haraka ataona michoro ya kitoto tu. Afadhali asimame kidogo. Mna watu, mna kanisa, na mna merikebu zenye matanga, wala merikebu si ajabu: chakula, baruti na habari za kwao, vyote vilikuja kwa bahari. Mwezi Machi 1696 Waarabu wa Oman waliizingira ngome, na maradhi yakaua watu wengi kuliko mizinga. Katika mwaka 1697 Wareno wa ndani walikwisha kufa, na aliyebaki akiilinda ni Bwana Daud wa Faza, pamoja na jamaa zake na Waafrika wengine, waume kwa wake, mpaka merikebu za msaada zikatokea. Jina lake lastahili kujulikana na watoto wa pwani kuliko lilivyo. Ngome ilitekwa Desemba 1698.

Tangu 1895 mpaka 1958 ilikuwa jela. Ndipo Bwana James Kirkman alipochimbua humo, ikafanywa makumbusho, na mwaka 2011 UNESCO ikaiandika katika urithi wa dunia. Kanisa la Wareno lilikuwa uani. Mgeni ataonyeshwa misingi yake. Kuta hazipo tena.